Sharti la Nunu

Tabora, 11 Agosti 2024

Na wala si kweli, Baba, kwamba mtu aliyezaliwa kisiwani akikaa bara miezi miwili anakauka kama dagaa. Ulikata simu kabla sijakujibu hilo, kwa hiyo nakujibu hapa. Sijakauka. Nimenenepa.

Assalaam alaykum, na shikamoo Baba. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na wote wa Kirongwe. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Umesema mambo ya ndoa hayasemwi tena kwenye simu, na mimi nakubali, maana ukipokea unaweka sauti kubwa na baraza zima linachangia. Basi nitaandika.

Niruhusu nianze na mume wangu, kwani nikianza na kitu kingine nitamrudia tu. Nyumba tuliyopanga ina ghorofa tatu, na juu kabisa kuna paa la zege la kuanikia nguo. Ukisimama pale unaiona njia panda yote ya reli. Reli moja inaingia kutoka Dar es Salaam, nyingine inakwenda Mwanza, nyingine Kigoma, na hapo katikati zinaachana, zinakutana na kupitana mara nyingi hata siku ya kwanza nilidhani natazama miyaa ya mkeka wa Mama kabla hajaikaza ukili. Treni ya abiria inaingia ikiwa moja na kuondoka ikiwa mbili. Kichwa kinakatwa, kinakwenda mbele peke yake, kinarudi kwa njia ya pembeni, kinachukua mabehewa ya Kigoma na kuyaacha ya Mwanza yakisubiri kichwa chao. Abiria walio ndani hawana habari, wananunua karanga madirishani. Mimi niliye juu naona wanakokwenda kabla yao.

Na anayeyafanya hayo ni Mudrik wangu. Kazini wanamwita shanta, yule anayekata mabehewa na kuyaunga. Kutoka juu ni mdogo kama punje ya mtama, ndani ya kizibao cha rangi ya chungwa, lakini namjua kwa mwendo wake hata wakiwa kumi. Ananyanyua bendera ya kijani, na treni nzima inamtii. Akimaliza anatazama paa letu, anainyanyua mara moja tena. Hiyo ya mwisho haimo kwenye sheria za kazi.

Sharti sijalisahau. Ulilitamka siku ya nikah mbele ya Sheikh Waleed na mashahidi wawili: Mudrik akae nami bara miezi sita tu, kisha anirudishe Mafia na ahamie Kirongwe. Yeye analikumbuka kuliko mimi, ameshaanza kuulizia kazi Kilindoni. Mimi ndiye mwenye la kuzungumza. Ila leo nimekusalimu tu.

Mwanao akupendaye,
Nunu


Kirongwe, 24 Agosti 2024

Mwanangu Nunu,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Sisi wazima. Korosho zimeanza kutoa maua na mvua haijaharibu kitu. Mama yako ameisoma barua yako mara tatu, na pale pa bendera nilimsikia akicheka peke yake jikoni. Mimi nimeisoma mara moja, imenitosha.

Umeandika kurasa nne, na neno lenyewe liko mistari mitatu ya mwisho. Sema unalotaka kulizungumza. Kama ni miezi sita, inaisha mwezi wa kumi na mbili. Nimeshasafisha kiwanja chenu nyuma ya mikorosho na mawe ya msingi yamefika. Mwambie mkwe wangu treni hatuna, lakini kazi ipo.

Baba yako,
Tahir


Tabora, 2 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa, shikamoo. Hujambo, Mama hajambo? Nimefurahi kusikia habari za korosho. Hapa ni jua na vumbi, na afya zetu ni njema.

Umesema niseme. Nasema. Nataka kubaki Tabora, Baba, nisomee kazi ya reli.

Usiikunje karatasi kwanza. Ilianza kama mchezo. Mudrik akirudi kula mchana ananiuliza, "Haya mke wangu, treni ya leo imeingia njia ya ngapi?" Namwambia. Baadaye nikawa namwambia kabla haijaingia. Natazama zile reli zinavyofunguka na kufungwa, natazama behewa lipi limesimama wapi, halafu najua: hii itapita njia ya tatu, ile itasubiri, kichwa kitazungukia nyuma. Katika mara ishirini nimekosa moja. Mudrik akaenda kunitangaza kazini kama mtu aliyepata mtoto.

Kuna mama mmoja anaitwa Bi Getrude, mtu mzima, anafanya kazi kwenye chumba cha juu chenye vioo pande zote. Yeye ndiye anayegeuza njia ili kila treni ipate ya kwake. Aliniita nikapande kwake. Akanionyesha mchoro wa njia panda nzima ukutani, akaniuliza, "Hapa nina treni ya abiria ya Mwanza, na hii ya kutoka Kigoma imechelewa. Unafanyaje?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia kidato cha nne. Akasema, "Inatosha. Wanachukua wanafunzi mwaka huu. Omba."

Nilitoka pale miguu haigusi ngazi. Hesabu nilizokuwa nazipenda shuleni, Baba, zile ulizosema hazitanisaidia kitu mikoroshoni, nimezikuta hapa zimejaa watu ndani yake.

Kikwazo ni mume wangu mwenyewe. Nimembembeleza kwa njia zote ambazo siwezi kukuandikia. Anasema, "Nilimpa baba yako neno langu, Nunu. Ukitaka mwanamume wa kuvunja neno, ulikosea harusi." Kisha ananipikia chai, na mimi nazidi kumpenda na kuzidi kukasirika. Kwa hiyo yamebaki kwako. Nakuomba uliondoe sharti.

Mwanao,
Nunu


Tabora, 22 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Natumai u mzima. Nimeandika "natumai" kwa sababu sijapata jibu, hii ni wiki ya tatu.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba barua yangu iliingia mfuko wa koti lako na haijatoka. Ameniambia pia kwamba ukuta wa ile nyumba umefika usawa wa madirisha. Baba, unaijenga kwa haraka namna hiyo ili nione haya kukataa? Mimi ni mtoto wako. Hata mimi nikishikwa na jambo naongeza mwendo.

Sitaki kukuficha, kwa hiyo nakwambia: nimepeleka maombi. Nimeitwa kwenye usaili, tarehe 24 Oktoba, saa tatu asubuhi. Mudrik alinitazama nikijaza fomu, akanishikia karatasi upepo usiipeperushe. Yeye ameshaandika barua ya kuacha kazi na ameiweka kabatini, chini ya mashati. Siku ya tarehe 21 Disemba anaitoa. Ndivyo alivyo. Kila nikifungua kabati naiona.

Jana niliitazama treni ya Mwanza ikiondoka. Mwanamke mmoja alikuwa akipunga mkono dirishani, hajui anampungia nani, na mimi nikampungia mpaka behewa lake likapinda. Nikajiuliza unaogopa nini, Baba. Sijawahi kukuona ukiogopa, kwa hiyo sijui sura ya hofu yako. Niambie. Nitakusikiliza, ila usaili nitakwenda.

Mwanao,
Nunu


Kirongwe, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Nunu,

Marahaba. Tu wazima. Nisamehe ukimya.

Umeuliza. Shangazi yako Nusra, dada yangu mkubwa, aliolewa Mwanza mwaka 1988. Naye alicheka sana siku anaondoka. Tulipata barua tatu. Katika ya tatu alisema amezoea. Kisha ikaja habari ya msiba, na siku ilipotufikia alikuwa ameshazikwa miezi miwili. Wewe ulipozaliwa nilimwambia mama yako kwamba atakayemwoa huyu ataishi hapa. Ndiyo sura ya hofu yangu hiyo.

Sasa nikueleze la pili, na ninaliandika kwa taabu. Nilikwenda kwa Sheikh Waleed. Nilitaka akuandikie yeye, akukumbushe kwamba sharti la nikah si mzaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Tahir, sharti lile lilikuwa la nani?" Nikasema langu. Akasema, "Hapana. Wewe uliolewa? Ulilitamka kama walii, kwa niaba ya mwanao, ili yeye asiteseke ugenini. Ni haki yake. Mudrik hawezi kulivunja, na wewe huwezi kuliondoa. Yeye peke yake akisema amelisamehe, limesamehewa."

Sikulipenda jibu hilo. Nilikaa nalo siku nne. Ningeweza kukuficha, sheikh hakutaka kukuandikia. Lakini nilikulea kwa kusema kweli na sasa siwezi kuanza upya.

Ila amesema pia kwamba kilichotamkwa mbele ya watu husamehewa mbele ya watu, kwa mdomo, si kwa karatasi wala simu. Wawepo waliosikia: sheikh, mashahidi wetu Ukasha na Sudi, mimi, na mumeo kando yako. Kwa hiyo kama ni kweli unataka, njoo ulitamke huku nikikutazama.

Baba yako,
Tahir


Tabora, 9 Oktoba 2024

Baba yangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako juu ya paa, nikalia, nguo za jirani zikanifunika uso na sikuzitoa. Nilikuwa sijui habari ya shangazi. Nilikuwa sijui kwamba mtu mwenye nafasi ya kunificha jambo linalomponza anaweza kuamua asinifiche. Mudrik alipopanda nilimpa aisome. Alifika kwenye maneno ya sheikh akakaa chini kwenye zege na kizibao chake, akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa namwomba Mungu amlainishe mtu asiyehusika?" Mtu huyo ni wewe, Baba. Kisha akanishika mkono mpaka treni ya Kigoma ikaita.

Tunakuja. Likizo yake inaanza tarehe 21, na kabla ya hapo hawamruhusu. Tutapanda basi siku hiyo hiyo, tulale Dar, twende bandarini Nyamisati, tuvuke. Kirongwe tutafika tarehe 23 jioni au 24.

Ndiyo, 24 ni siku ya usaili. Nimeliwaza kila upande. Nikienda kwenye usaili kwanza, nitakuwa nimeamua nyuma ya mgongo wako huku mume wangu bado amefungwa na neno. Sitaki kuanza hivyo. Bi Getrude amenifokea, akasema nafasi haziji kila mwaka. Nimemwambia nitaomba tena, na nikikosa nitaomba tena. Nitasimama mbele yako, nitakutazama usoni, na nitalisamehe sharti kwa sauti ambayo hata Mzee Sudi ataisikia. Kisha nitarudi Tabora.

Usimalize paa la nyumba kwa haraka.

Mwanao,
Nunu


Kirongwe, 14 Oktoba 2024

Mwanangu Nunu,

Wa alaykum salaam, na marahaba kwenu wote wawili. Sisi wazima. Barua hii nimeiandika kwa mkono kama kawaida, lakini mama yako ameipiga picha na kuituma kwa simu ya mumeo, isije ikakukuta umeshafunga begi. Ameniambia, "Ukiipeleka posta Kilindoni kwa miguu yako mtapishana njiani." Amesema kweli.

Lifungue begi. Usije.

Nimeisoma barua yako barazani, kwa sauti, na nilipofika tarehe 24 Ukasha akasema, "Mtoto anaacha mtihani aje kututazama sisi?" Sheikh akasema mtihani una siku yake, na yeye mwenyewe hana mtihani wa kumzuia safari. Sudi baadaye alimuuliza mama yako kama huko bara kuna baridi.

Nilirudi ndani nikazitafuta barua tatu za Nusra. Katika zote anauliza tutakwenda lini kumwona. Nilikuwa nimesahau. Tulimjibu kila mara kwamba aje yeye, kwamba nyumba ipo na chumba chake kipo. Miaka yote nimesema bara lilimchukua, na hakuna hata mmoja wetu aliyepanda treni kumfuata.

Kwa hiyo tunakuja wanne. Sheikh Waleed amekubali, kwa kuwa waliosikia wote watakuwepo, na hakuna aliyesema lazima iwe Kirongwe. Tarehe 24 nenda kwenye usaili wako, ujibu ulivyomjibu yule mama mwenye vioo. Sisi tunavuka Jumamosi ya tarehe 26, na kutoka Dar tunapanda treni, si basi. Ukasha ameshasikia kwamba hapo kwenu treni inakatwa, na hapati raha. Anataka mkwe wangu atuandikie tukae behewa lipi, tusije tukaamka Kigoma wazee wanne na sharti letu. Mwambie aandike kwa namba, wazi.

Siwezi kukuahidi nitakachohisi ukilitamka. Huenda nikakasirika tena. Mafundi nimewaambia wapumzike kwanza. Nataka kuziona hizo njia kutoka juu, unionyeshe ipi ni ya kuja na ipi ni ya kwenda, halafu useme neno lako na mimi nikiwa nimesimama hapo.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa kwako, inshallah.

Baba yako,
Tahir