Jina Watakaloniita Kaburini

Jumanne, Nachingwea. Jua kali, upepo unarusha vumbi jekundu mpaka kitandani. Sijatulia tangu alfajiri. Mwili umeisha, lakini akili inazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mjukuu wangu Somoe yuko likizo kutoka chuo kikuu. Ndiye anayenichapia haya. Jana aliniuliza, "Babu, vyeti vyako vyote vimeandikwa Nalinga. Hapa unaitwa Selemani. Nalinga ni nani?"

Mwanangu Hamisi akamkemea. "Koma! Unamtukana babu yako."

Kwetu Wamwera, mvulana akitoka jandoni hupewa jina jipya. La utoto halitamkwi tena. Kulitamka ni tusi. Mimi niliandikishwa shule kule Ruponda kabla ya jando, enzi za mradi wa karanga, na walimu wakakataa kubadilisha. Basi jina la utoto likapanda nami treni na meli, hadi chuo kikuu kule Uganda.

Bakari wa Mandawa, Mmwera mwenzangu aliyekuja chuoni baada yangu, alicheka sana bwaloni aliposikia nikiitwa Nalinga. "Una ndevu, bwana, na unaitikia jina la mtoto! Wajomba zako wakisikia?" Nikamsihi asiseme nyumbani. Alidhani naona aibu.

Haikuwa aibu. Nililipenda.

Hilo ndilo ninaloungama. Selemani alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume: alime, aoe haraka, asuluhishe ugomvi wa ukoo. Nalinga alisoma mpaka macho yakamuuma, akabishana na Waganda na Wakenya juu ya uhuru, akacheza dansi vibaya mbele za watu. Niliporudi Ruangwa kufundisha, wanafunzi waliniita Mwalimu, ndugu wakaniita Selemani. Yule mwingine hakuitwa tena na mtu.

Leo nimemwambia Hamisi: siku ya talkini, shehe anapomwita maiti kwa jina lake na la mama yake, aniite Nalinga.

"Baba, watu watasema tumekutukana ukiwa huwezi kujibu."

Kasema kweli, na sina nguvu za kumgombeza. Somoe ameinamisha kichwa, anachapa tu.

Nitamwomba tena Ijumaa, nikiwapo. Atakataa tena.

Watakuja watu wa Ruangwa, na wa Matambarale, watanifukia vizuri na kuniita Selemani, kwa heshima zote. Nisichojua ni kama nitaitika.