Manyoya ya Jiwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimesafisha chemchemi. Nimebadilisha manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe, yale tunayobana mdomoni mwa bomba la mwanzi yachuje maji. Nyamahanga nzima hakuna anayeyabana kama mimi. Binti mmoja wa maabara kaja, kachukua maji, kachukua na manyoya. Ya nini? Si mboga.

Jumatano, 12 Machi
Majibu. Manyoya yamejaa madini ya sumu. Hayana mizizi, binti anasema, yanakunywa kwa mwili mzima. Sumu inatoka juu, mwaloni, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Mwalo wa Deo. Mwanangu wa kumzaa.
Nimemwendea. Kanicheka mbele ya vibarua wake. "Mzee, hayo majani tu. Si uyang'oe!"
Nimeshuka na hasira zangu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekata yote makuukuu, ya kahawia. Nimebakiza ncha tu. Mgomba tunafanya hivyo hivyo: ondoa mama aliyechoka, mwana anastawi. Binti wa maabara hajui mgomba.

Jumapili, 11 Mei
Ncha zimeota. Kijani kibichi. Baada ya ibada nimetangaza: maji yangu safi, njooni. Editha, mke wa Deo, mjamzito, alikuwa ameacha kuchota kwangu. Leo kanywa vikombe viwili mbele ya watu. "Asante, baba mkwe. Haya ndiyo maji."
Nilijiona mkubwa.

Alhamisi, 22 Mei
Binti kapima ncha mpya. Sumu ile ile. Anasema sehemu kuukuu hupandisha madini kwenye machipukizi. Nikamwambia, kuukuu nimekata yote!
"Babu, yalishapanda kabla hujakata. Na kule juu bado wanasaga."
Nilimwita Editha anywe. Mimi. Mdomo huu huu.
Nimemwambia Deo azime karasha, hiyo mashine yake ya kusaga mawe. Kajibu: "Aliyemnywesha ni wewe, baba."
Mshenzi. Na ni kweli.

Jumamosi, 24 Mei
Nimeziba chemchemi kwa miiba. Editha anachota kisima cha shule, kule bondeni, tumbo mbele. Leo nimembebea ndoo. Wanawake wamecheka, mzee mzima na kata kichwani. Wacheke.
Ndoo nimeitua mlangoni kwake.
Karasha linaunguruma. Kwenye jiwe manyoya yamechipua tena. Mazuri kuyatazama.