Hali ya Mke ni Nzuri

Shangazi Roseline mpendwa, naomba uniokoe haraka kabla majirani hawajanimaliza kwa vicheko, maana mimi ni mtu mzima, karani wa ofisi moja ya serikali hapa mjini, naishi mtaa wa Jericho na mke wangu Koki na watoto wetu, sinywi pombe, simpigi mtu, na kanisani nimo katika wazee, lakini wiki iliyopita Koki alifunga nguo zake akaenda na watoto kwa dada yake Nzembi kule Umoja, na kisa chenyewe, Shangazi, ni chai.

Kazi yangu ni kuandika taarifa za wakubwa kwa Kiswahili, na siku hizi nyingi ni za aina moja, kwamba kuna watu wa ng'ambo wanataka kuja kuona jela zetu na kuzungumza na waliofungwa humo, nasi tunawajibu kwamba hayo ni mambo yetu ya ndani, mgeni hawezi kutufundisha kuishi kwetu, na hali ya wafungwa ni nzuri, maneno ambayo mimi nayapenda kwa sababu yana uzito, na yakisomwa redioni jioni humwambia Koki, unasikia, hapo ni mimi huyo.

Sasa sukari ilipoadimika madukani niliona ni busara kutia kabati kufuli, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia vyote humo, na ufunguo nikaufunga kwenye mshipi wangu ninaoondoka nao asubuhi, lakini kabla ya kuondoka humpimia Koki vya kutosha, na hakulalamika, au tuseme alilalamika kidogo. Shida ililetwa na akina mama wa kanisa, ambao wana desturi ya kutembeleana Jumamosi nyumba kwa nyumba, na wakifika hawakai sebuleni, wanaingia moja kwa moja jikoni, wanafungua kila kitu na kumpikia mwenyeji chai ili siku hiyo apumzike, na zamu ikawa imefika kwa Koki. Shangazi, nikaona kufuli langu litakuwa habari ya mtaa mzima! Nikamwambia mwenyekiti wao, Mama Kanyiva, kwamba wanakaribishwa, ila watoe taarifa mapema, wakae sebuleni kwenye viti, wanywe soda nitakayonunua mwenyewe, na wakitaka kuzungumza na Koki wazungumze naye mimi nikiwepo. Mama Kanyiva alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilikasirika, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sasa nalionea aibu kidogo, niliandika taarifa kwa mkono mzuri nikaibandika mlangoni: "Mwenye nyumba hii analaani vikali majaribio ya watu wa nje kuingilia mambo ya ndani ya nyumba hii. Hali ya mke ni nzuri. Wanaosema vingine wana nia mbaya na wametumwa." Laini yetu nzima ya nyumba ilikuja kusoma, hata watu nisiowajua, na Koki aliporudi kutoka sokoni akaisoma pia, akaweka kikapu chini, akaniuliza, "Baba Mutua, hali yangu ni nzuri, nani kaniuliza?" Nikamwambia, Shangazi, hilo ni jambo la ndani, naye akaniambia, "Ndani ni mimi."

Amesema hatarudi mpaka akina mama waje siku wanayotaka wao, waingie jikoni, na mimi nisiwepo. Nikikubali, je, leo si watataka kabati na kesho kitanda? Na kazini nitayaandikaje tena maneno yale, nami kwangu nimeshindwa kuyasimamia? Hata jirani yangu Omolo, ambaye mwaka jana sisi wazee tulimwendea kwake bila kubisha hodi kwa sababu alikuwa akimnyima mkewe ruhusa ya kwenda kumwona mamake, sasa akiniona anapiga saluti. Najitengenezea chai peke yangu jioni, sukari ninayo tele, lakini chai haiteremki. Namtaka mke wangu.

Mimi, Mwenye Nyumba, Jericho.

JIBU

Wee Mwenye Nyumba! Umeficha jina lako gazetini baada ya kubandika taarifa mlangoni pako mwenyewe? Jericho nzima inakujua, baba. Nimesoma barua yako kwa sauti hapa ofisini na mpiga chapa wetu ameomba apewe nakala akamwonyeshe mumewe.

Pole kwanza. Mwisho wa barua umeniambia unamtaka mke wako, na hilo ndilo neno la maana uliloandika tangu sukari iadimike. Umeliweka chini kabisa, baada ya Omolo.

Tuje kwa Omolo basi. Mlipoingia nyumbani kwake bila hodi, mliita nini? Nina hakika mliita ujirani mwema, mkaomba na dua. Nyani haoni kundule! Mke wa Omolo akinyimwa ruhusa ni jambo la kanisa, Koki akifungiwa majani ya chai ni jambo la ndani. Au kwa Omolo hakuna ndani?

Unaogopa kwamba leo watataka kabati na kesho kitanda. Ndugu yangu, hakuna anayekitaka kitanda chako, na sasa hata Koki hakitaki. Akina mama wale wameingia jikoni kwa kila mtu na hakuna nyumba iliyobomoka. Kilichokutia hofu si wageni. Ni kufuli. Lingekuwa halipo, ungewafungulia mlango mwenyewe na kuwauliza wanataka maziwa mengi au kidogo.

Haya, fanya hivi. Leo hii chukua bisibisi uling'oe lile kufuli na vyuma vyake, na usimpelekee Koki ufunguo kama zawadi, maana mtu hapewi zawadi ya sukari yake mwenyewe. Bandua karatasi mlangoni mchana, watu wakikuona. Kisha nenda Umoja kwa Nzembi, bila taarifa na bila wazee, useme "Mama Mutua, nimekosa," unyamaze hapo hapo, hata kama sentensi unaiona fupi. Mama Kanyiva mwambie aje Jumamosi aitakayo. Siku hiyo wewe nenda kwa Omolo, mkae, umwombe radhi, naye akipiga saluti ipokee. Na usirudi kumuuliza Koki alisema nini jikoni. Kama hali yake ni nzuri, utaiona usoni.

Na maneno ya kazini? Hapo naomba unisamehe, mimi ni shangazi wa mambo ya jikoni, gazeti lina mhariri na mimi nina watoto wa kulisha. Nitakuuliza swali moja tu, na usiniandikie jibu. Jumatatu wakikuletea karatasi nyingine useme kule ndani hali ni nzuri, huyo wa ndani, nani kamuuliza?