Walisema Damu ya Eliza Ni Mbaya

Matiri,
9 Machi 1996

Mwanangu Notburga,

Pokea salamu za huku nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo kwa mvua hizi halinipi nafasi. Natumaini nawe hujambo huko Morogoro na kazi ya maabara inakwenda.

Dhumuni la barua hii ni kukupa taarifa ya msiba. Mtoto wa kaka yako Tadei alizaliwa tarehe 20 Februari akafariki siku ya pili. Alikuwa wa kiume. Mgongo wake ulikuwa wazi hapa chini, kama nguo ambayo fundi amesahau kuimalizia. Katekista alimbatiza harakaharaka, akaitwa Kilian. Tumemzika pembeni ya mama yenu.

Wawili waliomtangulia walitoka kabla ya miezi kutimia, unajua. Sasa imetosha. Siku ya kuanua matanga nilisimama nikasema mbele ya watu wote kwamba damu ya Eliza ni mbaya. Nimemrudisha kwao Liuli. Nilimwonya Tadei tangu mwanzo kwamba watu wa ziwani hatuujui ukoo wao. Lidia amebaki hapa, maana ni mtoto wa ukoo huu, na mwenye miaka mitano hanyonyi. Tadei hakusema neno.

Kahawa imebeba vizuri. Chulebuni, ugonjwa ule unaoweusisha buni, ilitaka kuanza, tukaiwahi. Tangu chama cha msingi cha wakulima kife na kampuni za watu binafsi ziruhusiwe, mimi ndiye ninayewauzia watu dawa hapa Matiri, na kaka yako anapulizia mashamba ya karibu kata nzima. Kwa hiyo usidhani tumekaa tu.

Ni mimi baba yako,
Xaveri


Morogoro,
2 Aprili 1996

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi kiafya sijambo. Pole kwa goti, na poleni wote kwa msiba. Nimemlilia Kilian, kisha nimekasirika, na hasira haijaisha ninapoandika, kwa hiyo nivumilie.

Nani alikwambia damu ya Eliza ni mbaya? Nani aliipima?

Nilipokuja likizo mwaka juzi nilimkuta wifi yangu, mimba ya miezi miwili, anakoroga dawa kwa mkono kwenye ndoo ileile ya kuchotea maji. Nilimwona anafua mashati ya kaka, mgongo mzima umelowa dawa kwa sababu bomba lenu la kupulizia linavuja. Nilisema. Ulicheka, ukasema sisi wa shule tunaogopa harufu. Mimba ile haikufika Krismasi.

Sasa nisikilize. Mwili umejengwa na seli, vipande vidogo ambavyo jicho halivioni. Ndani ya kila seli kuna uzi mwembamba unaoitwa DNA, na katika uzi huo kuna maagizo yote ya kumjenga mtu: pua, figo, uti wa mgongo. Dawa nyingine za shambani zinaukata uzi. Mwili unajaribu kuunga, na mara nyingine unaunga vibaya, agizo likaharibika. Dawa nyingine hazikati kitu. Zinavuruga zile alama zinazosema agizo lipi lisomwe, na lini. Ulipokuwa katibu wa chama ulitusimulia barua ya mbolea iliyolaliwa na mafaili mengine mpaka msimu ukapita. Barua ilikuwa nzima, hakuna herufi iliyofutika. Haikusomwa kwa wakati wake, basi. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya mwezi wa kwanza, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Agizo lisiposomwa siku hizo, hakuna siku nyingine.

Na, unisamehe kulitaja hili kwako, mbegu ya baba nayo imebeba uzi huohuo.

Sisemi nimeshathibitisha. Nasema kaka Tadei aje huku. Dakta Jacqueline, mkuu wangu, anachunguza damu za wapuliziaji. Na Lidia apelekwe kwa mama yake. Mtoto wa miaka mitano bado analala kifuani kwa mama, Baba. Unajua hivyo, umelea.

Ni mimi binti yako,
Notburga


Matiri,
28 Aprili 1996

Notburga,

Salamu zimefika. Goti vilevile.

Sikukusomesha ili uje kunifundisha watoto wanavyoingia tumboni. Chama kilipokufa, bwana shamba hakuonekana tena hapa, na mrututu wa kupulizia kahawa haukuletwa. Miaka miwili kahawa ilidondoka chini nyeusi kama mavi ya mbuzi. Watu walitaka kung'oa mibuni. Nani aliwaletea dawa? Nani alitembea nyumba kwa nyumba? Hiyo dawa unayoitukana ndiyo iliyokufikisha huko ulikovaa koti jeupe.

Umeandika mwenyewe kwamba hujathibitisha. Basi mimi nimethibitisha. Nina kaburi moja hapa uani na mimba mbili zilizomwagika, zote za mwanamke mmoja.

Tadei haji, msimu wa kuvuna umefika. Lidia hatoki hapa. Na habari za Eliza usiniandikie tena.

Baba yako,
Xaveri


Morogoro,
19 Agosti 1996

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmemaliza kuvuna salama.

Wiki mbili zilizopita kaka Tadei alikuaga kwamba anakwenda Songea kutafuta vipuri vya bomba. Alipanda basi pale Kitai akaja mpaka kwangu. Nilipomfungulia mlango sikumjua. Amekonda sana.

Tulichukua damu yake, na damu yangu mimi pia, ili tulinganishe watu wa tumbo moja. Damu inaoteshwa siku tatu ili seli zizaane, kisha inawekwa rangi, na ule uzi unaonekana kwenye hadubini umejikunja kama vijiti vifupi. Dakta Jacqueline aliniambia nisihesabu mimi, kwa sababu ni ndugu. Akahesabu yeye. Katika seli mia moja zangu, mbili zilikuwa na vijiti vilivyokatika. Za kaka zilikuwa kumi na moja. Vingine vilikatika vikaungana na visivyo vyao.

Kaka akaomba aangalie. Akainama pale muda mrefu.

"Hivi vilivyokatika ni vyangu?"

"Ni vyako."

"Na Eliza?"

"Eliza hatujampima, kaka. Na yeye amekoroga, amefua. Lakini aliyebeba bomba mgongoni miaka mitano ni wewe."

"Kwa hiyo pale matangani..." Alitoka nje kwenye bomba la maji, akawa ananawa mikono, anaisugua kwa mchanga, ananawa tena, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ndugu yangu ana akili timamu. Nami nilimfuata nikamwambia ukweli mwingine: kwamba pale matangani alikaa kimya, na kimya kile hakikutoka kwenye dawa yoyote.

Baba, hayo ningeweza kukuandikia kwa upole. Lakini jioni ile kaka alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaniuliza imeandikwa nini. Ina fuvu la kichwa na mifupa miwili. Akasema, "Baba aliniagiza niziloweke karatasi hizi nizichubue kwenye mapipa kabla hatujamimina kwenye chupa za soda, ili wateja wasitishike. Hii moja niliificha."

Nimeisoma. Inasema dawa isiguswe kwa mkono mtupu. Inasema mwanamke mwenye mimba asiikaribie. Inasema muda wake wa kutumika uliisha mwaka 1990, Baba, kabla Lidia hajatimiza hata mwezi. Imeandikwa kwa Kiingereza, na wewe Kiingereza unakijua. Mzungu wa misheni alikuwa anakupa barua zake uzisome kwa sauti, umetusimulia mara ngapi?

Kwa hiyo sikuulizi tena habari za seli. Nakuuliza hivi: uliisoma?

Kaka anarudi kesho. Sijui atafanya nini, na sikumzuia.

Binti yako,
Notburga


Matiri,
24 Novemba 1996

Mwanangu Notburga,

Salamu nyingi. Mimi nipo. Chakula kinapita, usingizi hapana. Natumaini wewe ni mzima.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu.

Niliisoma. Kila neno. Kijana wa kampuni aliyeleta mapipa aliniambia Wazungu wanaandika hivyo kwa kila kitu, hata dawa ya meno. Nilitaka kumwamini nikamwamini. Karatasi za kwanza nilizichubua mwenyewe.

Tadei aliporudi aliweka bomba mlangoni kwangu. Akamshika Lidia mkono. Nikamwambia mtoto hatoki. Akasema, "Baba, nipishe." Hajawahi kunisemesha hivyo. Sauti hakuipandisha, na nadhani ndiyo maana nilimpisha. Wakaenda Liuli. Majirani wananiuliza inakuwaje mwanaume wa Kimatengo akahamia ukweni.

Mwezi wa kumi nilipanda lori la Mbamba Bay, nikafika Liuli. Eliza alikuwa anaanika dagaa wa usipa juu ya kichanja. Aliniamkia, akanipa kigoda, akanipa maji. Nikaanza kuuliza habari za wazazi, habari za mvua. Akanikatiza.

"Baba, umekuja kunichukua au umekuja kuniambia kitu?"

"Kukuambia."

Nikamwambia yote. Mapipa, karatasi, damu ya Tadei. Hakuacha kuanika. Nilipomaliza akasema, "Pale matangani kulikuwa na watu wangapi?"

"Wengi. Matiri yote."

"Walinisikia nikiitwa damu mbaya. Mama mmoja aliniondolea mtoto wake mikononi, ili nisimguse. Sasa unakuja kuniambia mimi, peke yangu, hapa kwenye samaki? Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sina kosa. Kawaambie wao."

Tadei alikuwa pale, Lidia begani. Mtoto alinipungia mkono.

Jumapili iliyopita, baada ya sala, nilimwomba katekista nafasi. Nikasimama mbele ya watu walewale wa matanga. Nilisema damu ya Eliza haikuwa na ubaya wowote. Nikasema dawa niliyowauzia ilikuwa imekwisha muda wake na ilikuwa na onyo, na onyo nililichubua kwa mikono hii. Nikasema Tadei ameumia, na sijui nani mwingine.

Walburga, mke wa Protasi, akasimama. Unamkumbuka, yule ambaye mtoto wake alizaliwa mdomo umepasuka mpaka puani. Akasema, "Na wangu, Xaveri? Miaka miwili unapita kwangu, unamwona anashindwa kunyonya, unanipa pole. Wangu je?"

Nikasema sijui. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kanisani. Protasi alimshika, kisha akamwachia, akanijia yeye. Wanaume ndio waliomzuia. Nilitamani wasimzuie.

Mapipa mawili yaliyobaki waliyaviringisha mpaka barabarani. Gari la kampuni likaja, likayabeba. Ijumaa nimesikia yanauzwa Kitai, kwa mtu mwingine, kwenye chupa zilezile. Na watu wa hapahapa walionitukana wanakwenda kununua, kwa sababu chulebuni imeanza. Nilikwenda Kitai nikapiga kelele sokoni. Wakasema mzee ana wivu wa biashara.

Nakuuliza kitu kimoja. Tadei atapata mtoto mzima?

Ni mimi baba yako,
Xaveri


Morogoro,
10 Desemba 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Kuhusu kaka, sijui. Mbegu za mwanaume zinatengenezwa upya kila baada ya miezi mitatu hivi, na akikaa mbali na dawa, sehemu ya madhara inaweza kwisha. Sehemu nyingine inaweza kubaki, na kubaki mpaka afe. Wasiharakishe. Nimemwandikia Eliza mambo yote haya, yeye kwanza, kwa sababu tumbo ni lake.

Kuhusu mtoto wa Walburga, nako sijui. Huenda ni dawa, huenda si dawa. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulipochubua karatasi ulimnyima Walburga hata uwezo wa kujua. Nenda kwake. Akikufukuza, rudi. Mwombe akueleze mtoto alizaliwa lini, na miezi ile walipulizia nini, uandike. Kisha nenda nyumba inayofuata, na inayofuata. Dakta Jacqueline anataka taarifa hizo, na ameshawaandikia wizarani kuhusu ile karatasi. Hawajajibu.

Uliyoyasema kanisani ulipaswa kuyasema. Nimefurahi umeyasema. Lakini sijakusamehe, na sitaandika kwamba nimekusamehe ili upate usingizi.

Krismasi nakuja. Basi likifika Kitai sitashuka, naenda Liuli kwanza kumwona wifi yangu na Lidia. Baada ya hapo nitapanda Matiri. Usinichinjie kuku.

Binti yako,
Notburga