Nani Anakaa na Lela?

Shauri Moyo, Nairobi
12 Februari 1956

Baba mpenzi,

Nashika miguu. Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kulala, na Kadija anayekutunza bado anakuletea uji kila asubuhi. Sisi huku hatujambo, ila Lela ana mafua.

Uliniuliza siku zangu hupita vipi. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri, naenda Bazaar kwa yule Mhindi, nashona sare za watoto wa watu. Narudi magharibi nakuta sare za wangu hazina vifungo. Idarusi hutoka shule saa kumi. Lela hutoka saa sita mchana, na hapo katikati mtoto wa miaka minane yuko peke yake, ufunguo shingoni.

Jumatano alitaka kunipikia chai nikirudi niikute. Sufuria ikamuunguza kiganja cha kulia. Khadro, yule jirani yetu Msomali anayeuza maziwa, alisikia kilio akaja mbio, akamtia maji baridi, akakaa naye. Nilipoingia nilimkuta Lela ameketi kama bibi harusi, mkono umefungwa kitambaa.

“Mama, maziwa ya Khadro yananuka moshi, lakini nimeyamaliza.”

Idarusi akasema, “Hana jeraha huyo. Hataki shule kesho.”

Tangu siku hiyo ufunguo nampa Khadro. Hataki malipo, anasema nimshonee gauni Idi ikifika.

Haya nakuambia wewe tu, Baba. Hamidi asiyasikie. Ni mpwa wako, ulimlea na kumfundisha kusoma, najua unampenda. Lakini tangu aniache anawaambia watu kwamba mwanamke anayeshinda kazini hawezi kulea, na kwamba wanawe atawachukua Mombasa wakaishi na mkewe mpya. Anangoja sababu tu.

Watoto wanakusalimu sana.

Binti yako,
Muhiba


Kibokoni, Mombasa
1 Machi 1956

Mwanangu Muhiba,

Marahaba, na salamu nyingi kwa wajukuu. Mimi sijambo, uzee tu.

Usishangae kuona nimeacha herufi zetu za Kiarabu. Naandika kwa hizi za shule ili Idarusi na Lela waweze kusoma wenyewe.

Pole kwa mkono wa mtoto. Mpake asali.

Nimefikiri sana juu ya mambo yako. Huyo Msomali ni nani hasa? Ana mume? Watu gani wanaingia kwake? Na Idarusi akitoka shule huenda chuoni kusoma Kurani, au huzurura? Niandikie kila kitu, hata yale unayoona haya kuyaandika. Nikijua yote ndipo nitaweza kukusaidia.

Babako,
Abdurahim


Shauri Moyo
20 Machi 1956

Baba yangu,

Nashika miguu. Vipi kifua? Mvua zimeanza huku, na nguo hazikauki.

Nakujibu ulivyouliza. Khadro ni mjane. Anaishi na kaka yake, Wehliye, dereva wa lori la kwenda Mombasa. Watu wanaoingia kwake ni wanunuzi wa maziwa. Idarusi, ukweli ni kwamba alikosa chuo wiki nzima, akawa anacheza mpira kule Kariokor. Niligundua kwa matope ya viatu. Nilimgombeza, akaapa hatarudia, na jambo hilo tumeliacha hapo, mimi na yeye. Hata mwalimu wa chuo aliambiwa alikuwa mgonjwa.

Sasa nisikilize. Jana nilipata barua ya karani wa Kadhi. Hamidi ameshtaki kwamba nawaacha watoto peke yao. Ameandika kwamba Lela aliungua kiganja cha kulia, siku ya Jumatano, akichemsha chai. Baba, kiganja cha kulia! Ameyajuaje hayo akiwa Mombasa?

Nimekaa usiku kucha nikiwaza. Mimi sikumwambia mtu. Aliyekuwapo ni Khadro, na Khadro ana kaka anayelala Mombasa kila wiki. Tena alikuwa akimuuliza Lela habari za babake, “Anawaletea nini? Anakuja lini?” Mtu anakaa na mwanao bure mchana kutwa kwa ajili ya gauni moja?

Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Muhiba


Kibokoni
2 Aprili 1956

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako.

Huyo mwanamke mtoe kwako. Mtu hukai naye miezi miwili ukamjua. Mchukue ufunguo na uwakataze watoto kwenda kwake.

Kisha niandikie umepanga nini. Nani anakaa na Lela sasa?

Babako,
Abdurahim


Shauri Moyo
29 Aprili 1956

Baba,

Nashika miguu, na mfungo uwe mwema kwako, ingawa natumaini daktari amekukataza kufunga nawe umemsikiliza.

Nilifanya ulivyosema. Niliuchukua ufunguo. Khadro aliniuliza, “Nimekukosea nini, mama Idarusi?” Nikamwambia muulize kaka yako. Akanitazama, akaufunga mlango wake polepole. Tangu siku hiyo tukikutana bombani kila mtu anaangalia ndoo yake.

Lela nilikwenda naye dukani siku tatu, anakaa chini ya meza ya cherehani akicheza na mabaki ya vitambaa. Siku ya nne Mhindi akasema, “Muhiba, mimi nina duka, sina shule.” Kwa hiyo sasa, Baba, naona haya kuandika, mwalimu wao ananifanyia hisani: mchana anamruhusu Idarusi atoke dakika chache, amrudishe dadake nyumbani, amfungie kwa kufuli kwa nje, kisha arudi darasani. Lela anakaa dirishani mpaka saa kumi. Juzi nilimkuta amelala hapo hapo, alama za nondo zimemkaa shavuni.

Nilidhani angalau macho ya watu yamekwisha. Wiki hii karani ameandika tena. Safari hii Hamidi ameeleza kwamba Idarusi hukosa chuo na kucheza mpira Kariokor, na kwamba mimi nilimdanganya mwalimu. Khadro hajui hilo. Hakuna ajuaye ila mimi na Idarusi.

Nilimwita. “Unamwandikia babako?”

“La, mama.”

“Nani basi? Upepo?”

“Mama, wallahi sijaandika. Hata stempu sina.”

Nikampiga, Baba. Nilimpiga huku amefunga, hakulia, akaenda kukaa kwa dadake. Sasa wananiangalia wote wawili kama mgeni aliyeingia bila hodi. Usiku nampekua mkoba wake wa shule. Nimefika hapo.

Kadhi ametutaka sote Mombasa baada ya Idi. Nikiwapoteza watoto hawa sijui nitaamka asubuhi kwa ajili ya nani.

Binti yako,
Muhiba


Kibokoni
19 Mei 1956

Muhiba mwanangu,

Ukiona mistari inapandana, nisamehe. Nauandika waraka huu kwa mkono wangu, kwa herufi zangu za zamani, na Kadija ananishikia rula juu ya karatasi, anaishusha kila nikifika mwisho wa mstari. Yeye hajui kusoma, wala mimi sioni. Macho yangu yamekwisha tangu mwaka jana. Sikukuambia.

Tangu hapo, anayenisomea barua zako ni Hamidi. Anayeandika majibu ni Hamidi.

Umeelewa sasa. Mwombe radhi mwanao, hakusema neno. Wala yule jirani.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa. Nilipokuwa na macho, mtaa mzima uliniletea barua zao niwasomee. Nilisoma talaka za watu, misiba yao, madeni yao, na siri zao nilizihifadhi. Giza liliponijia niliona haya kuwa mtu wa kusomewa. Hamidi alinigundua nikishika gazeti juu chini. Hakucheka. Akakaa, akanisomea ukurasa wote. Akawa anakuja kila alasiri, na ilipofika barua yako aliipokea posta akaniletea. Nilipaswa kumwambia aiache mezani. Nilikuwa na hamu ya kukusikia, Muhiba. Nikajidanganya pia kwamba akisikia unavyohangaika moyo wake utalainika, na huenda mkarudiana. Neno lako la kwamba asiyasikie, alilisoma kwa sauti ile ile, nami nikanyamaza.

Sijui maneno gani katika barua zile ni yangu na yapi ni yake. Nilimwambia aandike pole na asali. Nilimwambia amshukuru yule mwanamke wa maziwa kwa niaba yangu. Kama limo jambo la kumfukuza, halikutoka kinywani mwangu.

Ya kufuli aliisoma taratibu. Kisha akaniuliza kama nataka chai.

Sikutaka kuamini mpaka siku Kadhi alipokuja kunijulia hali. Tulisoma pamoja utotoni. Akaniuliza, “Mwalimu, ni kweli mjukuu wako aliungua kwa kuchemsha chai?” Nilijua pale pale yametoka wapi. Ningesema, ingenibidi kwanza niseme kwamba siwezi kusoma. Nikamjibu kwamba sijui. Kwa ajili ya haya yangu nilimwacha aondoke, na wewe ukampiga mtoto. Hilo ndilo zito kuliko yote, na nalitamka wazi nikiwa bado na pumzi. Daktari siku hizi anazungumza na Kadija nje ya mlango.

Nimemtuma Kadija amwite Kadhi arudi. Nitamwambia yote kwa kinywa changu. Nawe ujue hili: watoto wenye umri wa kutambua, Kadhi huwauliza wenyewe wanataka kukaa na nani. Rudisha mapenzi yao kabla ya siku hiyo.

Anwani ataandika karani wa posta. Jibu lako, ukijibu, litapita mikononi mwa Hamidi, maana hajui kwamba nimekuandikia. Usiandike lolote usilotaka alisikie.

Siombi unisamehe upesi.

Babako,
Abdurahim


Shauri Moyo
26 Mei 1956

Baba mpenzi,

Nashika miguu yote miwili.

Na wewe Hamidi unayesoma, salaam aleikum. Kaa vizuri kitini, barua hii ni ndefu kidogo. Isome yote, usiruke neno, maana mzee ameniandikia kwa mkono wake na ninajua kila kitu.

Baba, nilikwenda kwa Khadro. Nilisimama mlangoni na gauni lake mkononi, nimelishona siku mbili bila kulala. Akasema, “Mwezi mzima unaniangalia kama mwizi. Leo umekuja kuazima sukari?” Nikamweleza yote. Alisikiliza, akachuja maziwa yake, kisha akasema, “Kaka yangu habari zako zina faida gani kwake? Ningekuwa nauza siri ningeuza pamoja na maziwa, kwa kibaba.” Akacheka, mimi nikalia. Alilijaribu gauni, akasema limembana kifuani na hivyo ndivyo anavyolipenda. Ufunguo anao tena. Dirishani kwetu hakuna mtu mchana.

Idarusi ilikuwa vigumu zaidi. Nilimwomba radhi mbele ya dadake. Siku mbili hakunijibu. Ya tatu, wakati anafunga viatu, akasema bila kuinua kichwa: “Kadhi akiniuliza nitasema nataka kukaa kwetu. Lakini usinipige tena kwa jambo ambalo sikufanya.” Nikamwahidi. Lela akauliza, “Na kwa jambo alilofanya?” Idarusi akamrushia kiatu.

Hamidi, tutakuja kwa treni wiki ijayo. Mwambie Kadhi kwamba mwanao alifungiwa kwa kufuli. Ni kweli, nami sitakana. Mwambie pia nani aliandika kwamba jirani afukuzwe. Uliuliza nani anakaa na Lela. Ungeniuliza kwa jina lako mwenyewe ningekujibu, na ungekuja ungekaa naye. Sijawahi kuwaambia watoto neno baya juu yako, na hata sasa sijawaambia. Wanajua tu kwamba wanakwenda kumwona babu yao. Utakalowaeleza, utawaeleza wewe, ukiwatazama.

Baba, nimekusamehe. Hamidi, hapo sema kwa sauti, sikio lake la kushoto ni zito. Nimekusamehe, Baba, na Lela anataka akusomee mwenyewe kitabu chake cha shule, ukurasa wa jogoo, anaujua wote.

Hamidi, kama amelala usimwamshe. Kaa hapo umngoje.

Binti yako,
Muhiba