Gari la Baba Halijawaka

Likoni,
Novemba 1963

Kwa kaka yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, unakula vizuri na unalala vizuri, na kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua akiinama. Shangazi Mwanasaumu anakusalimu, na anauliza kama huko bara umepata wa kukupikia au unaishi kwa mkate na chai kama Mzungu. Baba naye anakusalimu sana. Yeye ndiye sababu ya barua hii, kwa hiyo nakuomba uisome ukiwa peke yako.

Uliuliza gari limefikia wapi. Halijawaka tangu lilipogoma. Na baba bado anawaambia wageni wote kwamba siku ya Uhuru gari hili litatupakia sote, na watoto wa jirani, lituvushe kwenye feri mpaka mjini tukaione bendera mpya. Watu humwitikia inshallah. Mimi hunyamaza. Nimechoka kunyamaza, kaka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilianza kuandika kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza mambo ya nyumbani huonekana kama ya watu wengine na mtu haoni haya. Niliposoma nilichoandika nikaona baba amekuwa mzee fulani wa kwenye kitabu cha shule. Nikaichana.

Ulipoondoka gari lilikuwa bandani, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Unazikumbuka zile mbao za ubavuni, mchwa walivyozila, ukizigusa zinamwagika unga. Baba alipoachishwa udereva kule bandarini alikaa barazani siku chache, hasemi na mtu, kisha akaingia bandani. Alimwita Randu, yule seremala wa vitanda, wakang'oa mbao zote na kutia za mbambakofi, mti mgumu ambao mchwa hawauwezi. Randu alinung'unika kwamba amezoea kutengeneza vitu vinavyokaa mahali pamoja. Kazi ilipokwisha baba akazipaka mbao mafuta ya nazi, na mama akasema gari sasa linanuka kama kichwa cha bibi harusi. Jina likaganda hapo hapo. Watu wote wa mtaa wanaliita Bi Harusi, na wanasema ni haki yake, maana halitoki nyumbani mpaka libembelezwe na kusukumwa na ukoo mzima.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumpa baba spana. Aliniambia nimsomee namba zake, nimwambie waya upi mwekundu na upi wa kijani. Nilidhani ananifundisha kwa kuwa wewe hupo, nikajiona mtu. Mpaka siku moja nikampelekea chai, nikamnyooshea kikombe, na mkono wake ukapita kando ukashika hewa.

Kaka, baba haoni. Anaona mwanga na kivuli. Mtu akisimama karibu anaona umbo, lakini uso hauoni. Siku ile alinishika mkono akaniambia hilo ni letu wawili, kwa sababu mama akijua atalia, na wewe ukijua utaacha kazi. Nikasema ndiyo baba, kama ninavyosema kwa kila kitu.

Basi gari likapona, na likatembea. Yeye alishika usukani, mimi nikakaa kushoto kwake nikawa macho. Mbele ya abiria hatukuweza kuambizana njia, kwa hiyo tukapatana nimshike mkono wa kanzu. Nikiuvuta, aende kushoto. Nikiusukuma, kulia. Nikiukamata kwa nguvu, asimame. Shangazi, alipokuwa amekaa nyuma na kuku zake wa kuuza, alinisema sana. Alisema msichana mkubwa namna hii, kesho kutwa watu watakuja kumposa, naye angali amemng'ang'ania babake kama mtoto anayeachishwa ziwa. Walicheka wote, na baba akacheka kuliko wote. Tulibeba madafu, tulibeba wagonjwa, na Mwanatabu wa jirani aliposhikwa na uchungu tulimvusha, akajifungua salama ng'ambo. Watu walituombea dua njia nzima. Nami kila tukirudi nilishindwa kula, vidole vimekauka kwa kushika ile kanzu.

Kisha ikaja Ijumaa moja tukiteremka kwenda kwenye feri. Nyuma walikaa mama, na Mwanatabu na kichanga chake mapajani. Katana, yule muuza maji, alikuwa anakata njia na mkokoteni wake. Nilimwona mapema. Wallahi nilimwona. Lakini wakati ule Mwanatabu alikuwa ameinama mbele ananiuliza habari za shule, nikaona haya kumkamata baba mbele yake, baada ya yale maneno ya shangazi. Ni haya tu, kaka, hakuna kingine. Ni haya ile ile ambayo mwalimu wetu wa Kiingereza hunigombeza kwayo kila siku akitaka nipaze sauti. Nilipokamata tulikuwa tumeshafika. Katana aliruka, mkokoteni ukapinduka, madebe yakabingirika mpaka majini. Alikuja dirishani akamuuliza baba, Mzee Rashid, macho yako yalikuwa wapi? Baba akamwomba radhi, akasema alikuwa anaitazama feri isije ikamwacha. Katana akatulia, halafu akacheka, akasema leo Bi Harusi kamkimbilia mume. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitazama mikono ya baba kwenye usukani. Ilikuwa bado imeushikilia.

Sasa nikuambie nililolifanya. Kesho yake baba alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, nilifungua boneti, nikafungua kile kifuniko cheusi ambamo nyaya za plagi hutoka, nikachomoa rota, kile kidude kidogo kinachozunguka ndani na kuzigawia plagi moto. Nikakificha. Gari halina ugonjwa, kaka. Ugonjwa wake ni mimi.

Nilijua nitakamatwa siku ile ile. Wewe ni fundi, unajua kifuniko kile hufunguliwa mapema gari likigoma, na baba ameshinda na magari tangu kabla sijazaliwa. Lakini hakukifungua. Alisafisha plagi zote. Alinyonya bomba la petroli kwa mdomo mpaka akatapika. Alipeleka betri ikachajiwe. Jioni watu walikuja kusukuma, Katana akiwa wa mbele, wanatweta na kumtania Bi Harusi kwamba safari hii anadai mahari mpya. Nami nilisukuma pamoja nao, mwizi mwenyewe, jasho linanitoka. Kila siku niliazimia kukirudisha. Kisha namkumbuka yule mtoto wa Mwanatabu pale nyuma, nakiacha kilipo.

Wiki iliyopita tulibaki wawili bandani. Baba alikuwa anazipaka mbao mafuta, taratibu, ubavu mmoja kisha wa pili, kama anamsinga mtu wa kuolewa kweli. Bila kunigeukia akaniambia kidude kile nikiweke mahali pakavu, unyevu wa huku utakila. Nilitaka kukimbia. Nikamuuliza amejua lini. Akasema siku ya kwanza tu, alipogusa kifuniko akahisi kibano kimoja hakikubana sawasawa. Nikamuuliza mbona basi alijisumbua kote kule, na petroli ile. Aliupaka ubao mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema kazini walimwachisha kwa barua, akaisikia ikisomwa akiwa amesimama, na mara hii alitaka kuachishwa pole pole. Akasema amechoka, na kwamba alikwisha kujua kutoka mkononi mwangu kuwa mimi nimechoka kabla yake.

Tangu siku ile hajafungua boneti. Habari za Uhuru na feri bado anazitangaza, lakini nimemsikiliza vizuri. Husema gari litavuka. Hasemi tena nani ataliendesha.

Mama bado hajui. Kumwambia siwezi, nimejaribu mara mbili nikaishia kumuuliza kama chumvi imetosha. Utamwambia wewe, una sauti.

Mahali pakavu nimepatafuta. Nyumba nzima chumvi ya bahari imeingia, hata kurasa za msahafu zimelegea. Nasikia Nairobi ni kukavu. Kwa hiyo rota nimeifunga kwa kitambaa, utaikuta ndani ya bahasha hii. Kitambaa ni cha kanzu ya baba, mkono wa kushoto, ule niliouvuta mpaka ukachanika.

Mama, shangazi na majirani wote wanakusalimu, na Katana anasema akikuona atakudai madebe yake. Nisalimie rafiki zako hata nisiowajua. Rota usiirudishe kwa posta, kaka. Njoo nayo.

Ni mimi mdogo wako,
Dhahabu binti Rashid