Diski Aliyosema Imekufa

Odalys, upo? Reinier, yule fundi kompyuta, nitamla mbichi!

Unakumbuka laptopu yangu, unaiwasha mpaka kahawa inachemka na kupoa? Akanifungia diski mpya, SSD, akahamishia kila kitu. Nikamuuliza, na hii ya zamani? "Imekufa hiyo, dada. Niachie nikaitupe."

Imekufa!!

Mbwa yule hakufuta kitu. Kaijazia tamthilia mpya za wiki juu ya mafaili yangu, anaikodisha mtaa mzima watu wakaangalie kwenye TV zao. Leo nani kaikodi? Mama mkwe. Kaichomeka kwenye TV, sebule imejaa majirani, kabonyeza video ya kwanza aliyoiona.

Nikatokea mimi. Ile video, Odalys. ILE. Nimevaa gauni la kulalia la huyo mama mkwe, nimejaza mto kifuani, namwiga anavyogombeza watu kwa sababu ya sukari.

Lázaro kainamia simu. Mume huyo! Hata neno moja la kunitetea!

Mama yake hakufoka. Alisema tu, "Rudisha nyuma." Akaitazama tena yote. Halafu: "Sauti umeipatia, binti. Sasa nenda kamwigizie mama yako."

Basi nimetolewa nje, niko hapa ngazini na laptopu yangu. Inawaka kufumba na kufumbua, shenzi kabisa.